Hesabu Bila Namba Tisa

Masasi, 14 Novemba 1993

Dada mpendwa Mama Anderson,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo Newala. Huku joto la Masasi unalijua, mawe yanakaangwa mchana na sisi tunapikwa usiku. Shuleni darasa la sita wananitoa jasho kwa sehemu na desimali. Mwalimu mkuu bado ananiuliza habari za goti, nami namjibu linaendelea vizuri, maana nikimwambia ukweli atanipa pole, na pole za watu zimenichosha. Mama mdogo wa Lulindi alipita juzi na kapu la makopa ya muhogo. Anakusalimu, anasema umemtupa.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani.

Ligi ya kikapu imeanza, na Mwamba wamecheza mechi tano, wameshinda zote tano. Mji mzima unamwimba kocha Cecil. Tangu wanunuzi binafsi waingie kwenye korosho, kila mwenye mizani na ghala anataka timu yake, wachezaji wanalipwa mishahara kama makarani, na Fakihi mwenye Mwamba sasa anamwita kocha wake "profesa". Profesa! Yule yule aliyeniambia mwaka jana, goti likiwa limevimba kama papai, "Ben, nipe kipindi kimoja tu, nitakutoa," akaniacha uwanjani mpaka likakatika. Jumapili iliyofuata akasimama nje ya kanisa mbele ya watu akasema nilianguka kwa sababu ya uraka. Mimi, ambaye maji ya mabibo yakishachacha sijawahi kuyatia mdomoni. Goti ningeweza kulisamehe, dada. Uraka sitausamehe. Mpaka leo akina mama wa kanisani wakinisogelea wananusa kwanza.

Kwa hisani yake, eti, amenipa kazi ya kuandika alama kwenye meza ya waamuzi. Nimeipokea kwa mikono miwili. Ameniweka mahali ninapoona kila kitu, na kila kitu nakiandika.

Mwamba wana wastani wa pointi 71, wapinzani wao 58. Mtu akiishia hapo atasema hawashikiki. Lakini mechi nne kati ya hizo tano wamecheza nyumbani. Vijana wa Tunduru walifika juu ya lori la chumvi, wakashuka na kuingia uwanjani moja kwa moja. Wa Nanganga walicheza Jumapili alasiri, na unawajua vijana wetu Jumapili ya msimu wa mabibo, mmoja alimpasia refa mpira mara mbili. Halafu tazama mchezo unavyokwenda. Dakika kumi za mwanzo Mwamba huwaacha watu kwa pointi kumi na zaidi. Dakika kumi za mwisho wamezidiwa wao, katika mechi nne kati ya tano. Cecil anachezesha watu sita tu, wengine wanakalia benchi wanapunga nzi. Akipatikana wa kuwabana mwanzoni asiachwe mbali, mwishoni watahema.

Ukingo wenu wa Newala wameshinda moja na kufungwa nne, na watu wanawacheka. Lakini tatu katika hizo nne tofauti haikuzidi pointi nne, zote ugenini, na wachezaji wametoka kuokota korosho tangu alfajiri. Watu husema nyota njema huonekana asubuhi. Mimi nasema mechi tano ni asubuhi ya ukungu, na asiyejua ukungu ataita kichuguu simba.

Karatasi nilizoambatanisha mpelekee kocha wao Swalehe mkononi mwake. Zisipite posta ya timu. Mwamba na Ukingo watakutana Februari, hapa hapa Masasi. Nataka Cecil aanguke nyumbani kwake, mbele ya watu wale wale waliosikia habari ya uraka. Dawa ya moto ni moto.

Anderson hajambo. Analala kambini kwa Fakihi, kwa hiyo tunaonana uwanjani tu. Siku hizi ananisalimu kwa mbali, mikono mfukoni kama bwana shauri. Naona Cecil ameshamfundisha majivuno.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mguu mmoja na nusu,
Benedikto


Newala, 5 Desemba 1993

Mdogo wangu Benedikto,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa kondakta wiki nzima, alisema ameisahau chini ya kiti. Sisi tu wazima. Mashine ya maji imekufa tena, kwa hiyo tumerudi kushuka bondeni na ndoo, na magoti yangu nayo yanataka kuandikiwa barua. Korosho mwaka huu zimezaa vizuri. Wanunuzi wanakuja mpaka uani, kila mmoja na mizani yake, na kila mizani na uongo wake.

Karatasi nimezifikisha. Swalehe alisoma mpaka chai ikapoa. Akaniambia, "Mama Anderson, huyu mdogo wako ana roho mbaya yenye akili." Nikamjibu, "Roho yake ilikuwa nzuri, mwalimu. Ilikanyagwa." Akacheka, akaniomba nyingine. Anataka wachezaji mmoja mmoja: nani anatupa kutoka wapi, nani akichezewa faulo anakosa mitupo huru. Mwenye timu yao amemwambia kwamba akifungwa na Mwamba asirudi na basi.

Benedikto, usidhani nabeba karatasi hizi kwa ajili ya kikapu. Mchezo wenyewe siujui, naona watu wazima wanagombea tundu. Nabeba kwa sababu nilikukanda goti lile miezi mitatu, na nilikuwa nakusikia unavyolia ukidhani nimelala. Na nilikuwepo nje ya kanisa. Niliwaona waliocheka, wengine nimewapikia kwenye misiba yao. Namtaka Cecil kama unavyomtaka wewe, labda zaidi, maana wewe mwanamume unaweza kupumzika ukiona ameanguka, mimi nitataka kumwona anavyoinuka.

Ila nina sharti moja. Mwanangu yumo kwenye timu hiyo. Ulimpeleka wewe mwenyewe kabla goti halijakatika, nami nikakuachia bila neno, kwa sababu kwetu mtoto ni wa mjomba. Mpige Cecil mgongoni, mpige kichwani, lakini usimpige kwa kupitia mwili wa Anderson. Nijibu hilo kwanza, mengine yafuate.

Anderson ameniandikia. Yaliyomo ni ya mama na mwana, usiniulize.

Dada yako anayekuombea hata unapochukia,
Scholastika


Masasi, 19 Desemba 1993

Dada Mama Anderson,

Shikamoo. Huku mvua za kwanza zimenyesha na watoto wote wa shule wana matope mpaka masikioni. Nimepokea unga na kuku, ahsante sana. Kuku alifika mzima akiwa na hasira kuliko mimi.

Mwamba sasa wana mechi nane, wameshinda saba. Ile moja walifungwa Mtwara, walipoishiwa pumzi dakika nane za mwisho kama nilivyokuambia. Cecil alisema refa ndiye aliyewafunga. Nikafunga kalamu yangu, nikafurahi peke yangu mpaka mbavu zikauma.

Mwambie Swalehe hivi. Namba nne, Dickson, asichezewe faulo kabisa, mitupo huru 30 ametia 22. Namba saba akipelekwa mkono wa kulia amekwisha, vikapu vyake karibu vyote vinatoka kushoto. Namba kumi na moja hurukia kila mpira unaorudi kutoka kwenye ubao, lakini anajikusanyia faulo haraka. Mara tano kati ya nane ametolewa kabla ya mwisho, kwa hiyo waende kwake mapema. Namba tano anapoteza mpira akibanwa na watu wawili. Namba kumi na mbili ni mtoto wa rafiki wa Fakihi, yeye waachieni tu, atawasaidia.

Ligi sasa inasimama kupisha Krismasi na mvua, tutaendelea Februari. Hakuna atakayecheza tena kabla ya mechi yenu, kwa hiyo hesabu hizi ndizo za mwisho, hazina wa kuziharibu.

Cecil amenunua koti. Anatembea nalo katika joto hili ili watu waone.

Nawatakia Krismasi njema wote. Mwaka mpya utakuwa wetu.
Benedikto


Newala, 16 Januari 1994

Benedikto,

Salamu za mwaka mpya. Sote tumeamka salama, isipokuwa mzee Nikolao wa kanisani, tuliyemzika Jumatatu. Alikuwa akikuulizia kila Jumapili, na ninaamini alikuwa akiuliza kwa wema.

Swalehe amekuja kwangu na karatasi yako. Ameweka kidole juu ya namba moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza, "Na namba tisa yuko wapi?" Nikajifanya sikuelewa. Akasema, "Mdogo wako ameandika hata mtoto wa rafiki wa Fakihi anayekalia benchi. Namba tisa anacheza mechi nzima, lakini hapa hayupo." Nikamwambia umechoka, mitihani ya watoto, na mambo kama hayo. Sikumwambia kwamba namba tisa nilimnyonyesha mimi. Anajua, nadhani, naye kwa adabu hakusema.

Kwanza nilifurahi. Nilisema mdogo wangu amenisikia, amemtoa mtoto kwenye vita vya wakubwa. Baadaye nikakaa na barua yako nikaona kwamba sharti langu hukulijibu. Umejibu kuku, umejibu unga, koti la Cecil umelieleza, lakini mwanangu hukumtaja hata kwa salamu. Mtu akiruka jambo moja katika yote, ndilo analolitazama.

Niandikie maneno haya tu: Anderson haguswi. Ni mawili, na kalamu unayo.

Mwenyewe alikuja Krismasi. Anakula, analala, bado yuko kwangu. Usiniulize zaidi.

Scholastika


Masasi, 13 Februari 1994

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Mvua ilikata barabara, kisha nikawa na homa, kisha wakaguzi wa shule wakaja.

Nimesoma ulichoandika. Unanifundisha habari za mtoto wa dada yangu kama vile mimi mgeni. Nani aliyesimama naye jandoni? Baba yake alikwenda Msumbiji na hakurudi, mkono wake niliushika mimi. Kwetu baba hulea na mjomba huamua. Mpwa ni wangu, dada, na mtu akitumia kilicho chake hajamwibia mtu. Jambo likiisha nitamwita, nitamweleza, ataelewa. Akiwa mtu mzima atanishukuru kwamba nilimtoa mikononi mwa Cecil.

Swalehe hatakusumbua tena kuhusu karatasi. Kondakta amempelekea iliyobaki.

Jumapili ijayo nitakaa mezani na shati jeupe. Nataka Cecil anione vizuri.
Benedikto


Masasi, 27 Februari 1994

Dada yangu Scholastika,

Shikamoo. Najua habari zimekufikia kabla ya barua hii, lakini nataka uzisikie kwangu, kwa sababu walioshinda hueleza wanavyotaka.

Ukingo walianza vizuri kuliko nilivyoota. Waliwabana Mwamba dakika kumi za mwanzo kama nilivyoandika. Namba saba walimpeleka kulia akapotea kama kuku mgeni. Mapumziko Mwamba walikuwa mbele kwa pointi tatu tu, na Cecil amevua koti. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu goti likatike. Nilikuwa nahesabu dakika nisimwone mtu mwingine ila yeye.

Kipindi cha pili Swalehe akaanza na namba tisa. Ndiyo, niliandika mimi. Mechi nane, mitupo huru 31, Anderson alitia 9. Hakuna mchezaji mbovu kuliko huyo kwenye mstari katika ligi nzima. Mwamba walipenda kumpa mpira kwa sababu ana nguvu na hapotezi, na nilimwandikia Swalehe kwamba kila akiushika wamchezee faulo, aende kwenye mstari, akose, mpira uwe wao. Hesabu yenyewe ni nyepesi, hata darasa la sita wangeielewa.

Akatia wa kwanza, akatia wa pili. Nikasema bahati. Wakamkumbatia tena, akatia miwili. Mmoja wa Ukingo alimpiga kiwiko juu ya jicho, damu ikashuka, akafungwa kitambaa, akarudi, akatia. Mitupo 20 ametia 17, na kila pointi niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Ukingo watatu wakatolewa kwa faulo tano tano. Ikaisha 69 kwa 60.

Swalehe alikuja mezani akanitupia ile karatasi. "Mwalimu, uliniandikia mpwa wako hajui kutupa! Nimepoteza kazi kwa mwandiko wako!" Cecil akaiokota, akaisoma kwa sauti, jina langu na la Anderson, yote, kisha akasema, "Uraka wa mwaka huu mkali kuliko wa mwaka juzi." Walicheka, dada. Fakihi mwenyewe alicheka mpaka akashika nguzo.

Anderson alikuwa amesimama hapo na kitambaa chake cha damu. Akamwomba Cecil karatasi, akaisoma polepole, akaikunja. Akanipa kwa mikono miwili, kama tulivyomfundisha kumpa mkubwa kitu. Akasema, "Shikamoo, mjomba." Akaondoka.

Hapo ndipo nilipoiona mikono yake kwa karibu. Vidole vyote vina ngozi mpya, laini kama ya mtoto mchanga. Ile mikono ina nini? Naandika kwa sababu sipati usingizi. Tisa kati ya thelathini na moja haiwi kumi na saba kati ya ishirini hivi hivi. Kuna kitu sikukijua, na nadhani wewe ulikijua.

Cecil bado namtaka. Msimu ujao nitamtafuta kwa njia nyingine.

Nijibu.
Benedikto


Newala, 27 Machi 1994

Benedikto,

Hapa hatujambo. Mahindi yamekomaa na maji ya mvua yametupumzisha kushuka bondeni. Mama mdogo wa Lulindi yuko kwangu tangu juma lililopita, na Barnaba mwanawe amekuja naye. Nimekaa mwezi mzima bila kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza hasira ipoe. Haikupoa, basi naandika nayo.

Unauliza mikono. Fakihi alikuwa na banda la kubangua korosho nyuma ya kambi. Wachezaji chipukizi wote wanabangua asubuhi ndipo wacheze jioni. Cecil anaita kujenga vidole. Mafuta ya ganda unayajua yanavyochoma ngozi. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba mwanangu alikuwa hana ngozi ya vidole. Alikuwa anashika mpira kama mtu anayeshika kaa la moto, na wewe ulikuwa unaandika. Alikusalimu mikono mfukoni ili usione. Aliniandikia, "Mama, mjomba asijue, atakwenda kugombana na kocha kwa ajili yangu, goti lake halijapona, watamdhalilisha tena." Hayo ndiyo yaliyokuwa ya mama na mwana. Msimu wa korosho ukaisha, banda likafungwa, mikono ikapona. Januari nzima alikuwa anatupa mpira kwenye pete ya pipa aliyoipigilia ukutani kwangu, mpaka plasta ikadondoka.

Uliandika mwenyewe kwamba mechi tano ni asubuhi ya ukungu. Ulimchambulia Cecil malori, mabibo, ugenini na uchovu, hukumwacha na ushindi hata mmoja usio na sababu. Mtoto wa dada yako ulipoona anakosa, hukumtafutia sababu. Ulikaa hatua chache kutoka kwake majuma yote hayo, na hukuwahi kusema, "Mwanangu, hebu nione mikono yako." Ulikuwa unamtazama Cecil.

Na mimi nilizibeba karatasi zako. Hilo nitalibeba mwenyewe, sikuletei.

Umeandika kwamba mpwa ni wako na mtu akitumia kilicho chake hajamwibia mtu. Barua hiyo niliisoma mbele ya ukoo Jumatano. Mama mdogo aliomba nirudie, akidhani nimekosea kusoma. Tulimwita Anderson, tukamuuliza anataka nini. Hakukusema vibaya. Alisema mtu hawezi kuwa na mjomba ambaye lazima ajifiche asimwone akiumia, halafu ajifiche tena asimwone akipona. Kovu liko juu ya jicho la kushoto, limekaa vizuri.

Cecil amemwongezea mkataba. Ndiyo, Cecil. Nilimwambia asaini, na nilimchukia wakati namwambia, lakini banda Fakihi amelivunja baada ya wachezaji wote kukataa kubangua, na aliyewaongoza kukataa ni Anderson. Ulikuwa na mtu wa kukulipia kisasi chako pale pale kambini, angemwangusha Cecil pamoja nawe kama ungemuuliza. Hukumuuliza, ukamwandika.

Jumamosi baada ya Pasaka tunapeleka posa Makote, kwao Isabela, mchumba wake Anderson. Atakayetangulia mbele na kusema maneno ya mjomba ni Barnaba. Watu wa Makote wameshaambiwa kwamba mjomba wa Anderson ni yeye. Hawakuuliza kama alikuwepo mwingine kabla yake. Tafadhali usije.

Mama mdogo anakusalimu. Barnaba anakusalimu. Anderson hakunipa salamu za kukuletea, na mimi sikumwomba.

Scholastika